Samaki wamekufa alfajiri: mbele ya kusema «sumu», tusome maji ya kiziwa



Katika somo hili tunarudi kwenye viziwa vya samaki. Vikundi vingi vya mabondeni viko na malalamiko ya namna moja: «Tunabadilisha maji, nyuma ya juma moja inaharibika tena. Tunabadilisha tena, inaharibika tena.» Kisha siku moja, mnamo saa kumi na moja ya asubui, mlinzi anakuta tilapia kubwa zinaelea tumbo juu. Watu wanajaa kwenye ukingo, na neno la kwanza linalosemwa ni sumu. Nyuma ya saa moja, jina la jirani limekwisha kutajwa.

Mara moja moja ni kweli, mtu ametia sumu. Lakini mara nyingi samaki wamekufa kwa kukosa pumzi, na kosa liko ndani ya kiziwa chenyewe. Tunajua vikundi hugawanyika kwa ajili ya hasira ya siku kama hiyo: wengine wanataka kwenda kwa shefu, wengine wanaomba kila mtu arudishiwe franka zake, na kiziwa kinabaki kuota matete. Kwa hiyo tuanze na namna ya kutambua.

Nani amekufa, na saa ngapi?

Mbele ya kuokota samaki waliokufa, muangalie mambo matatu.

La kwanza ni saa. Kukosa pumzi huua usiku wa manane mpaka jua linapochomoza. Sumu haijali saa: inaweza kuua saa sita ya mchana, jua likiwaka.

La pili ni ukubwa. Pumzi ikipungua, samaki wakubwa ndio wanaokufa kwanza, vitoto vinabaki vinahema juu ya maji kandokando ya ukingo. Sumu kwa kawaida huanza na vitoto, ao inaua wote pamoja, wakubwa na wadogo.

La tatu ni wengine wanaoishi humo. Kambale ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu. Kama tilapia wamekufa na kambale wanaogelea bila wasiwasi, hiyo ni dalili nzito ya kwamba pumzi ndiyo iliyokosekana. Lakini mukiona kambale, vyura na wadudu wa maji wote wamekufa pamoja na tilapia, hapo kuko sababu ya kutafuta kilichoingia kwa mfereji.

Muandike mambo hayo matatu kwenye daftari asubui ile ile. Nyuma ya siku mbili kila mtu atakuwa na hadithi yake, na hakuna atakayekumbuka kama kambale walikuwa wazima.

Angalisho moja: samaki waliokutwa wamekufa, na sababu yao haijajulikana, hawaliwi na hawauzwi. Wazikwe mbali na maji. Tunajua ni vigumu kuzika nyama mbele ya watoto, lakini kama kweli ni sumu, itapita kutoka kwa samaki kwenda kwa mtu. Wale ambao wangali wanahema kwa kukosa pumzi, munaweza kuwavua na kuwauza asubui hiyo hiyo.

Juu ya nini alfajiri?

Maji ya kiziwa kizuri iko na rangi ya kijani. Rangi hiyo ni mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo inatoa oksijeni, ile pumzi ambayo samaki wanavuta ndani ya maji. Usiku haitoi tena. Inaanza kuivuta yenyewe, sawa na samaki. Na chini kwenye matope kuko wavutaji wengine wengi kupita wote: vijidudu vinavyoozesha majani, mavi na mabaki ya chakula. Usiku kucha wote wanavuta kutoka ghala moja ambalo hakuna anayelijaza. Alfajiri ghala liko karibu tupu. Tilapia ni mvumilivu, lakini anatakiwa angalau miligramu 3 za oksijeni kwa litre moja ya maji ili ale na akomae vizuri. Chini ya hapo anaacha kula, na ikishuka sana anapanda juu kuhema.

Siku za mawingu mazito, sawa vile tunavyoziona Kivu mwezi wa kumi na moja, mimea haipati jua la kutosha na ghala halijai hata mchana. Tena mvua kubwa ya baridi ikinyesha juu ya kiziwa chenye maji moto, maji baridi yanazama na yale ya chini, yasiyo na pumzi na yenye harufu, yanapanda. Ndiyo sababu pengine samaki wanakufa nyuma ya mvua bila mtu yeyote kukaribia kiziwa.

Wale wa milimani waongeze jambo hili: karibu na Bukavu tuko juu ya metre 1.400 toka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanashika oksijeni kidogo kuliko kule chini kwa joto lile lile.

Siku ya shida yenyewe

Mukikuta samaki wanahema juu ya maji, pigeni makofi. Samaki mzima atazama na kukaa chini. Anayekosa pumzi atazama kidogo na kurudi juu mara moja.

Hapo acheni kutia chakula na mbolea siku hiyo na siku zinazofuata, mpaka wasionekane tena wakihema alfajiri. Fungulieni maji mapya, na muyaache yaanguke kutoka juu kwa bambu ao tiyo iliyotobolewa matundu, ao yapige kwenye mawe, kwa sababu maji yanayoanguka na kutawanyika yanabeba hewa nyingi. Maji mabaya yatoke chini. Vikundi vingi vinaacha maji yatoke juu ya ukingo: yale mapya yanaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, yakipita juu juu, na uchafu wa chini unabaki palepale. Kama tiyo yenu inatolea juu, muvalishe tiyo nyingine pana yenye matundu chini tu, ili maji yalazimike kuvutwa kutoka sakafuni.

Mkiwa na kiziwa kidogo na mfereji umekauka, vijana wawili wanaweza kuchota kwa ndoo na kumwaga kutoka juu mpaka jua lipande. Ni kazi ya kuchosha, lakini inaokoa. Wasiingie ndani kukoroga matope.

Sasa, kwa nini inarudia?

Tuchukue mfano wa kiziwa cha ari mbili, ni kusema metre mraba 200, chenye samaki 400 (wawili kwa kila metre mraba, hicho ndicho kipimo tunachoshauri). Tuseme kila mmoja amefikia gramu 50. Jumla ni kilo 20 za samaki. Chakula cha siku ni sehemu 3 mpaka 5 kwa mia ya uzito huo: gramu 600 mpaka kilo moja. Basi!

Lakini kwenye kikundi kila mwanachama anataka kuonyesha kwamba anafanya kazi. Mama mmoja analeta pumba za mchele asubui. Mwingine anamwaga maganda ya mihogo saa sita. Jioni mtu anatoka kupika kasiksi na anatupa mabaki yote ndani. Hakuna aliyefanya ubaya, lakini siku ile zimeingia kilo 6 ndani ya kiziwa cha kilo moja. Tano zilizobaki zinalala chini na kuoza. Mukibadilisha maji, munaosha sahani bila kutoa chakula kilichooza kwenye chungu. Juma moja baadaye maji yamerudi vilevile.

Kwa maoni yetu, hii ndiyo sababu inayopita zote. Kikundi kichague mtu mmoja wa kulisha kwa kila juma, na chakula cha wanachama wote kipite mikononi mwake. Alishe pahali pamoja, saa ile ile, jua likiwa limepanda. Asubui mapema samaki hawana pumzi ya kula. Afunge fremu ya bambu juu ya maji ili pumba zisitawanyike. Nyuma ya dakika 15 mpaka 20 aangalie: kama chakula kingali kinaelea, kesho apunguze. Kila mwezi wavue samaki 20, wawapime kwa kilo, wagawanye, na wahesabu upya. Na kule kwenye baridi, maji yakishuka chini ya nyuzi 20, tilapia anakula kidogo sana. Kumtilia chakula cha siku ya joto ni kulisha matope.

Kizimba cha mbolea nacho kiangaliwe. Kijengwe pembeni, kisipite sehemu moja kwa kumi ya kiziwa, na kibaki kimefungwa vizuri ili majani yasitoke. Mavi ya kuku yako na nguvu kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo yatiwe kidogo kidogo, kila juma, si gunia zima siku moja.

Namna ya kujua kama mbolea imezidi ni mkono wenyu. Saa sita ya mchana, mgongo ukiwa upande wa jua, muingize mkono ndani ya maji umenyooka chini, kiganja kimekunjwa kiangalie juu. Kama kiganja kinapotea machoni wakati maji yamefika karibu na kiwiko, iko sawa. Kikipotea mbele ya hapo, maji yakiwa bado katikati ya mkono, rangi imezidi: musitie mbolea mpaka ipungue. Kama maji yamepita kiwiko na kiganja kingali kinaonekana, kiziwa kiko na njaa. Kipimo hiki ni kwa maji ya kijani. Kama maji ni ya rangi ya udongo, mkono hautasema kitu. Hapo shida ni mmomonyoko wa juu, ao ukingo usio na majani. Pandeni majani mafupi kwenye ukingo, chimbeni shimo la kutulizia matope mbele ya maji kuingia.

Maji yanayotiririka siku zote

Wengi wanaamini kiziwa ni sawa na mto, kwamba maji lazima yaingie na kutoka mchana na usiku ili samaki wapone. Wanafungulia mfereji na hawaufungi. Matokeo yake maji yanabaki meupe na baridi, mbolea yote inachukuliwa na mto, samaki wanakonda. Watu wanaona samaki hawakomai, wanaongeza chakula. Chakula kinaoza chini. Ni shida mbili zinazoshikana mkono. Kiziwa cha tilapia kinatakiwa maji yaliyosimama. Mfereji ufunguliwe tu kwa kujaza yale yaliyopotea kwa jua na kwa kuvuja, na siku ya shida. Jambo hili si geni hapa: tangu miaka ya 1950, wakati kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi kilipokuwa kinachunguza ufugaji wa tilapia, viziwa vya kutia mbolea vilikuwa vya maji yaliyosimama.

Chokaa si dawa ya maji mabaya

Tunaomba hapa musome polepole. Kuko watu ambao maji yakinuka wanarusha chokaa, ao majivu ya jikoni, wakati samaki wangali ndani. Wamesikia kwamba chokaa inasafisha. Sasa, mkojo wa samaki na chakula kinachooza vinatoa sumu inayoitwa amonia. Maji yakiwa na uchachu kidogo, sumu hiyo inakuwa imelala. Chokaa inaondoa uchachu, na amonia inaamka na kuwa kali mara nyingi. Mtu aliyetaka kuponya anaua. Chokaa mbichi, ile inayochemka ikiguswa na maji, inaua hata bila amonia.

Chokaa iko na wakati wake: kiziwa kikiwa kitupu na kimekauka. Udongo wa mabonde yetu ya milimani, ule mweusi wa mafunjo, mara nyingi uko na uchachu, na kweli unahitaji chokaa. Kwa chokaa ya shambani iliyosagwa, kilo 10 mpaka 20 kwa kila ari, itawanywe sakafuni na kwenye kingo. Ile ya kupaka nyumba ni kali zaidi, kiasi kipunguzwe. Musichanganye na mbolea siku moja. Mungoje majuma mawili.

Wakati ubaya unatoka juu

Kama dalili za asubui ile zimeonyesha kambale na vyura wamekufa pia, tazameni mfereji. Mbele ya kufikiri mtu mwenye nia mbaya, fikirini kazi za kila siku zinazofanywa juu ya maji.

Mihogo michungu inalowekwa kwenye mito yetu siku tatu ao nne. Sumu yake ya asili, sianidi, inatoka na kwenda na maji, tena kule kuoza kwenyewe kunakula pumzi. Mama anayeloweka anaokoa watoto wake wasile sumu. Hajui kwamba yule wa chini anaipokea. Mahali pa kahawa, mabanio ya kuoshea yanatoa maji yenye maganda na utamu mwingi, na yakimwagwa mtoni wakati wa mavuno, vijidudu vinayashambulia na kumaliza oksijeni mbali sana kule chini. Kuko pia pompi za dawa za nyanya na kabichi zinazooshwa kwenye mfereji: kidogo tu kinatosha kuua kiziwa kizima. Na kuko wale wanaovua mtoni kwa majani ya sumu.

Kuko jaribio ambalo halidai franka. Mutwae ndoo mbili ambazo hazijawahi kutiwa sabuni ao dawa. Moja mujaze maji ya mfereji, nyingine maji ya chemchemi, na muziache zilingane baridi na joto. Mutie vitoto vitano vya samaki katika kila moja, muziweke kivulini, muangalie mpaka jioni. Wakifa wa mfereji na wa chemchemi wakabaki wazima, muko na kitu cha kuonyesha. Lakini maji yachotwe mara moja siku ya tukio. Sumu inapita, maji ya kesho hayatatoa ushahidi.

Mukienda kuongea na wa juu, muende na ndoo, musiende na jina la mtu. Mara nyingi mapatano ni mepesi kuliko tulivyoogopa: shimo la kulowekea mihogo lichimbwe pembeni, lisimwage mferejini, koperative ya kahawa ichimbe mashimo ya kupokelea maji ya kuoshea, pompi zioshwe shambani, mbali na maji. Na wenye kiziwa nao wafunge mlango wa maji siku wanazoambiwa kuko kazi juu. Shefu aitwe kwa kushuhudia mapatano, si kwa kuhukumu.

Kukausha

Kama mumepunguza chakula, mumefunga mfereji, mumerekebisha tiyo, na maji yangali yanarudia kuharibika, basi kisa kiko kwenye matope ya zamani. Munapovua, muingie ndani kwa miguu: ukizama kupita kifundo, matope yamezidi. Yakiwa meusi na yananuka sawa na yai bovu, yamezidi zaidi.

Mupange mavuno yaangukie mwanzo wa kiangazi, mwezi wa sita. Mutoe maji yote, mutoe matope meusi kwa koleo, muache sakafu ipigwe na jua majuma mawili mpaka ipasuke na mtu aweze kutembea bila kuzama. Matope musiyatupe juu ya ukingo, maana mvua ya kwanza itayarudisha ndani. Yapelekwe shambani: hizo pumba zote zilizopotea mwaka mzima ziko humo, na maharagwe, lengalenga na migomba zitazila. Kwenye kikundi, igawanyeni kwa mabeseni siku ile ile, kila mwanachama na hesabu yake, ili kusiwe na mwenye shamba la karibu anayechukua yote.